Meli Zilizoufuata Upepo wa Kusi

Nahodha wa jahazi aliyezaliwa Lamu hana haja ya kufundishwa habari za kusi na kaskazi. Baba zake walikwenda Arabuni kwa kusi wakarudi kwa kaskazi, nao waliujua mwezi wa kutweka tanga na mwezi wa kupandisha chombo pwani. Walakini kwa nini kusi ya mwaka mmoja iwe kali, na ya mwaka wa pili iwe legevu? Swali hilo halijibiwi na mtu aliyesimama ufuoni.

Ndiyo sababu, kati ya mwaka 1959 na 1965, mataifa zaidi ya kumi yalipeleka meli zipatazo 40 kuipima Bahari ya Hindi. Mwaka 1964, wakati wa kusi, meli ya Kiingereza Discovery na ya Kimarekani Argo zilikuwa mbele ya pwani ya Somalia. Zilikuta mkondo uendao upande wa kaskazini kwa kasi ipitayo noti 5, na kando yake maji yaliyopanda kutoka vilindini, yenye baridi chini ya nyuzi 20 za sentigredi. Msomaji asidhani kuwa hilo ni jambo dogo. Bahari yenye joto huupa upepo mvuke. Bahari ya baridi huunyima.

Mwaka 1969 Bwana Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa, alieleza jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Alionyesha kwamba upepo ule hukusanyika kama mto mwembamba, kadiri ya futi 5,000 juu ya nchi. Huingia Kenya kutoka baharini, huzuiwa na nyanda za juu kama maji yazuiwavyo na ukingo, kisha hupita juu ya nchi kavu za mashariki na Somalia, hata ukatokea tena baharini kuelekea India. Basi mfugaji wa Wajir hutazama mawingu yakipita mbio juu ya kichwa chake, na mpunga unaosubiri mvua uko Malabar! Upepo huo haupandi juu vya kutosha hapa kwetu, na mvuke usiopanda haugeuki mvua.

Kazi ya melini si ya anasa. Mwaka 1999 meli ya Kimarekani Ronald H. Brown ilikaa katika Ghuba ya Bengal wakati wa kusi. Wataalamu walirusha maputo yenye vipimo, wakateremsha vyombo vya kupima joto na chumvi ya maji ya chini, na kwa rada wakayatazama mawingu ya mvua. Waliona jinsi siku za jua zinavyoyapasha maji moto, kisha mvua ikaja kutoka upande wa Ikweta na kuyapoza. Mvua za India huja hivyo, kwa vipindi: majuma ya kunyesha, kisha majuma ya kukatika. Kipindi cha ukame kikirefuka, mkulima hupotewa na mbegu zake. Julai 2002 mvua ya India ilipungua karibu nusu, na utabiri haukuwa umeonya.

Wala sisi hatukusalimika na bahari hii. Mwaka 1961 maji ya upande wetu yalipopata joto kuliko ya upande wa Sumatra, vuli ilileta mafuriko makubwa Kenya, na Ziwa Victoria likapanda kupita futi 6 katika miaka michache iliyofuata. Mwaka 1997 yalikuja tena.

Siku hizi setilaiti huuona uso wa bahari, lakini haziyaoni maji ya chini. Kwa hiyo tangu mwaka 2004 mataifa yalianza kutia maboya ya vipimo katikati ya bahari, nayo lazima yafikiwe na meli ili yatengenezwe. Upande wa magharibi, mbele ya Somalia, kazi hiyo ilichelewa kwa miaka mingi kwa hofu ya maharamia. Na huko ndiko uliko mlango wa upepo wenyewe.