Venice Tuliyoikosa

Mwezi huu safu yetu ya matembezi ya wawili ilikuwa ije na picha za Venice. Ndiyo, ile ile ya Italia, mji uliokaa juu ya visiwa zaidi ya 100, barabara zake maji, daladala zake boti. Nilishajiandaa kuwasimulia jinsi mimi na mume wangu tulivyokaa kwenye gondola tumeshikana mikono, halafu jioni tukazunguka kwenye vibaa vyao vidogo tukila cicchetti, vile vitafunwa vidogo vidogo vya samaki, nyama na mboga ambavyo watu wa kule hula wamesimama, glasi mkononi.

Haikuwa. Na kwa kuwa mimi na ninyi tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kwenye ukurasa huu hatudanganyani, ngoja niwape mkanda mzima.

Tulikuwa tunatimiza miaka mitano ya ndoa. Kwa miaka miwili kila mwisho wa mwezi tuliweka hela, yeye kidogo na mimi kidogo, kwenye akaunti moja ambayo kadi yake alikaa nayo yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa hesabu. Ada ya viza, ambayo Juni 2024 ilipanda hadi euro 90 kwa mtu mzima. Gondola, euro 90 kwa nusu saa tu ya mchana. Hata kuingia mjini, tangu 2024 wageni wa kutwa hutozwa kiingilio baadhi ya siku. Daftari zima lilijaa! Siku niliyosema, "Baba, sasa tulipie viza," mwenzangu akanyamaza. Shosti, ukiona mwanaume wa Kihaya amekosa la kusema, jua kuna jambo.

Hela haikuwepo. Zaidi ya nusu ilikwenda Muleba, kwenye kibanja cha mama yake, ambako migomba ilikuwa imekufa kwa mnyauko. Aliituma kwa mafungu, miezi minane, bila kuniambia.

Sikuficheni, nililia. Na sikulilia Venice. Nililia kwa sababu miezi yote hiyo minane nilikuwa nikimwonyesha picha za hoteli kwenye simu, na yeye anajibu, "Hiyo nzuri, mke wangu."

Wiki mbili tuliongea ya chumvi na ya funguo za gari tu. Mwisho nikamwambia, "Nataka kuiona hela yangu. Kama imekwenda Muleba, nipeleke Muleba." Katika miaka mitano ya ndoa sikuwahi kufika kwao. Mama mkwe nilimwona siku ya harusi Dar, basi. Kila mwaka kulikuwa na sababu.

Boti niliyoipata

Tuliruka hadi Mwanza, usiku tukapanda meli. "Si ulitaka boti?" akaniambia ngazini. "Boti ndiyo hii." Ulikuwa utani wake wa kwanza kwa wiki mbili. Sikucheka.

Meli yenyewe ni MV Victoria, siku hizi inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, iliyorudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Usiku abiria mmoja mzee alivua kofia akatazama maji kwa muda mrefu. Hakuna aliyemuuliza. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu, na kwa familia nyingi za Kagera ziwa hili bado ni kaburi la mtu wao. Nami nikasogea kidogo upande wa mume wangu. Kidogo tu, msinielewe vibaya.

Alfajiri tuliamka tunaiona Bukoba. Jamani! Vilima vya kijani vimeshuka mpaka majini, ukungu umelala juu ya paa, na kisiwa cha Musira kimesimama mbele ya mji kama mlinzi. Wanasema enzi za wafalme wa Kihaya wakosaji walipelekwa kufungwa huko. Nilimtazama mwenzangu, akanielewa, akaangalia pembeni.

Tule nini, wapi?

Bukoba ni mji wa kutembea kwa miguu. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani hapa mwaka 1890, na upande wa ziwani bado kuna majengo ya zamani yenye vibaraza vipana. Hata mfereji upo, msicheke: mto Kanoni unakatiza katikati ya mji kwenda ziwani. Gondola hamna, lakini madaraja yapo, na kusimama darajani ni bure. Tuliingia kanisa kuu la Katoliki alikozikwa Kadinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kadinali, mwaka 1960. Mji wenyewe ulitikiswa na tetemeko la Septemba 10, 2016, watu 17 wakafa, na wenyeji bado wanahesabu miaka kwa kusema "kabla ya tetemeko" na "baada ya tetemeko."

Mchana tulikula sato wa kuchoma ufukweni, amepasuliwa mgongoni, kachumbari na ndimu pembeni. Kule Venice kuna dagaa wakubwa wanaokaangwa wakalazwa kwenye vitunguu na siki, jina lake sarde in saor. Nilipokuwa nasoma habari zake nilimeza mate. Mbele ya yule sato niliwasahau kabisa. Sato anataka mikono miwili, na mkila samaki mmoja kwenye sinia moja ni vigumu kuendelea kununiana, maana lazima mmoja amwambie mwenzake, "Hapo kuna mwiba."

Halafu kahawa. Ile Africafe unayokoroga ofisini saa nne asubuhi inatengenezwa Bukoba hapa hapa, kwenye kiwanda cha Tanica. Lakini Wahaya wenyewe wana kahawa nyingine, ya kutafuna. Matunda ya robusta huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, yakakaushwa, na mgeni akifika anawekewa mkononi. Inauma ulimi kidogo mwanzoni, halafu utamu wa uchungu unabaki. Mume wangu alinunua pakiti, akanipa mbili, akasema, "Hii ndiyo karibu yetu." Nikatafuna. Sikusema kitu.

Na tulifika Novemba, mwezi wa senene! Usiku tuliwaona vijana wamewasha taa kali mbele ya mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa. Senene wanafuata mwanga, wanajigonga kwenye bati, wanateleza ndani ya pipa. Asubuhi sokoni wanawake wanawanyonyoa mabawa na miguu kwa kasi ya ajabu. Wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu. Mimi mtoto wa Tanga nilifumba macho nikaweka mmoja mdomoni. Wa pili nilifumbua. Baada ya hapo nilinyang'anywa sahani.

Kibanja

Siku ya pili tulielekea kusini, kwanza Kemondo, kisha Muhutwe, mpaka ndani ya Muleba. Njia nzima ni migomba na vilima, na upande wa kushoto ziwa linajitokeza na kujificha. Kadiri tulivyokaribia, ndivyo nshomile wangu alivyozidi kupoteza maneno.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaniinua, akanikumbatia muda mrefu. Chakula kilikuwa tayari: ndizi na maharage vimepikwa chungu kimoja, vimefunikwa kwa majani ya mgomba, na harufu ikikutoka puani leo utaikumbuka kesho. Kesho yake nilimenya mwenyewe, utomvu ukanigeuza vidole vyeusi kwa sababu nilikataa kupaka mafuta kwanza. Ukiambiwa upake, paka.

Tulipomaliza kula mama akasema, "Mwanangu amenifuta machozi. Bila yeye nisingekuwa na kibanja." Akamsifia kweli kweli. Nikasubiri mume wangu aseme. Hakusema. Basi nikasema mimi, kwa adabu zote: "Mama, hela hiyo tuliiweka wawili. Mimi sikujua kama imekuja huku."

Kimya. Mama akamtazama mwanawe. "Uliniambia ni posho ya safari za kazi."

Kumbe na mama alidanganywa! Miaka yote alidhani mkamwana wake wa Dar ana roho ngumu, hajawahi kumtumia hata salamu ya sabuni. Na mimi nilidhani kwao wananificha kitu. Katikati yetu alisimama mtu mmoja, anambeba kila mmoja kivyake, na anaogopa tukutane.

Mama hakugomba. Alisimama, akajifunga kitenge, akanishika mkono tukaenda nyuma ya nyumba.

Kwa msiojua, mnyauko wa migomba uliripotiwa Kagera mwaka 2006, na ni Muleba ulikoanzia. Ni ugonjwa wa bakteria. Majani yanakuwa njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zimeoza. Hauna dawa. Unang'oa shina zima, unalizika, unaacha ardhi ipumzike, ndipo unapanda miche safi. Fikiria mama mjane, kibanja ambacho wamezikwa wakwe zake na mumewe, na kila shina linatakiwa ling'olewe.

Sasa migomba ilikuwa imesimama, mipya, majani mapana, mingine imeanza kuzaa. Mama alinionyesha anavyoliondoa lile ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu: anatumia mti wenye panda, hatumii panga. Wadudu hubeba ugonjwa wakitua pale, na panga hubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina mpaka ulipitishe motoni. "Huu ugonjwa, mwanangu," akasema, "mara nyingi unaingizwa na mwenye shamba mwenyewe, tena akiwa anafanya kazi."

Kisha akasimama katikati ya safu mbili. "Kuanzia huu hadi ule ni migomba yako. Sikujua nikuite. Leo nimejua."

Nililia tena. Hiki kilio kilikuwa kingine.

Usiku mama alikaanga senene, akamwita mwanawe akae chini. "Zamani," akamwambia, "mke alikesha akikusanya senene, na mwenyewe hakuonja. Alimpelekea mume. Lakini mume naye hakula bure. Ilimpasa amvishe mkewe nguo, watu waone. Wewe umekula senene wa mwenzako, hujamvisha. Hata kumwambia kwamba umekula hukumwambia."

Mume wangu aliomba radhi, mbele ya mama yake. Nilimuuliza tulipokuwa peke yetu: kwa nini hukusema tu? Akanijibu, "Niliogopa utasema hapana. Halafu nikaogopa kwamba una haki ya kusema hapana." Hilo, wasomaji wangu, ndilo jibu la kweli nililopata katika miaka mitano.

Na mimi ningesema nini? Nimejiuliza. Pengine ningesema tugawe nusu kwa nusu. Pengine ningegoma, halafu ningeona aibu. Lakini ingekuwa hapana yangu au ndiyo yangu, na migomba ile ingekuwa yangu tangu mche wa kwanza.

Wawili wakirudi mjini

Sokoni Bukoba alininunulia kitenge, doti mbili, akachagua mwenyewe, akakosea rangi. Nimekishona hivyo hivyo. Kadi ya akaunti sasa ninakaa nayo mimi, na ujumbe wa benki unaingia kwenye simu zetu wote wawili. Mkiniuliza kama nimemsamehe, nitawaambia nipo nusu ya safari, na meli inatembea.

Kwa mnaotaka kufuata nyayo zetu, haya ni ya kwangu, si ya kitabuni:

Meli haiondoki kila siku. Ulizeni ratiba bandarini Mwanza kabla hamjakata tiketi ya kufika huko.

Bukoba mvua haina adabu. Bebeni mwavuli na viatu vya kufungwa, hata kama jua linawaka.

Mkitaka senene wengi, lengeni Novemba na Desemba. Msirudi mikono mitupu. Majirani wa Dar wenye asili ya Kagera wanajua mlikotoka.

Mkienda ukweni, mwacheni mwenyeji awalishe kwanza. Maneno mazito baada ya ndizi, si kabla.

Na kabla hamjaanza kuweka hela ya safari, kaeni chini mwambizane ni nani nyumbani kwenu anayeweza kuihitaji ghafla. Kila mmoja ana Muleba yake. Ukimficha mwenzako, unamnyima pia sehemu yake ya shukrani.

Venice bado iko kwenye daftari langu. Tumeanza upya kuweka, kidogo kidogo. Ila mama mkwe amepiga simu juzi: mkungu wa kwanza kwenye safu yangu umekomaa, anauliza nautaka Dar au nitaufuata.

Nimeshauliza ratiba ya meli. Tukutane mwezi ujao, na tunzaneni!