Nyongeza ya Gharama na Bei ya Ndoo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, taabu ya maji haitokani na ukame peke yake. Huko Ngara Mto Ruvubu unaungana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, ndipo unapozaliwa Mto Kagera. Lakini maji hayo yamo mabondeni na watu wengi wanaishi vilimani. Ndiyo maana mradi wa maji huko mara nyingi huwa mradi wa mtambo wa kusukuma maji, na mtambo unapopanuliwa, si ajabu kuona ombi la nyongeza ya gharama likifika mezani.

Kuna mtendaji anayelipokea ombi hilo na kutia sahihi bila kuuliza. Kuna na mwingine ambaye, kwa kuogopa lawama, hulifungia jalada kabatini mpaka bei ya mabomba ipande tena. Huyu wa pili hujiona mwangalifu, kumbe hasara yake hulipwa na kina mama wanaopanda kilima na ndoo kichwani.

Sheria ya Ununuzi wa Umma imeweka utaratibu wa kuidhinisha mabadiliko ya mkataba, na Mkaguzi Mkuu hukagua hesabu baadaye. Hata hivyo, hapana budi sababu ya nyongeza ichunguzwe kwanza. Kuinua lita 1,000 za maji kwa mita 100 huhitaji umeme usiopungua uniti 0.27, bila kuhesabu upotevu ndani ya pampu na bomba. Kimo kikiongezeka mara mbili, na nguvu huongezeka mara mbili. Basi, ikiwa tangi limepandishwa juu zaidi ili kitongoji kilichosahauliwa nacho kipate maji, nyongeza hiyo ni halali, kwani kilima hakibembelezwi. Lakini ikiwa upimaji ulifanywa ofisini, au vifaa vilinunuliwa visivyolingana na mtambo, hayo ni malipo ya uzembe. Yaandikwe mbali, na mhusika aulizwe.

Liko jambo jingine linalosahaulika zaidi. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji mahali pasipozidi mita 400 kutoka kwake ifikapo 1991. Nia ilikuwa njema, na pampu nyingi za dizeli zilifungwa. Bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikakosekana, na pampu nyingi zikanyamaza. Gharama ya kuujenga mtambo ilikuwa imepata fungu. Gharama ya kuuendesha haikupata fungu la kutosha. Kwa Ngara na Biharamulo, zilizo zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam, kila pipa la dizeli lilikuwa na safari yake ya kulipiwa.

Leo Rusumo pana mtambo wa umeme wa megawati 80, wanaogawana Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia kuu ya umeme imefika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Nyongeza ya kuiondoa injini ya dizeli na kufunga mota ya umeme yaweza kuonekana kubwa siku ya kikao, ikarudi kidogo kidogo kwa mafuta yasiyonunuliwa. Lakini pampu kubwa nayo huleta ankara kubwa. Tangu Sera ya Maji ya 2002, uendeshaji wa miradi ya vijijini ni mzigo wa watumiaji wenyewe, na vyombo vyao vya maji ndivyo vinavyokusanya fedha hizo kwenye vituo vya kuchotea. Bodi inayoidhinisha ukubwa wa pampu imekwisha kuigusa bei ya ndoo, ijapokuwa neno ndoo halimo katika ajenda.

Kwa hiyo kila ombi la nyongeza lingefaa liambatane na karatasi moja inayoonyesha ankara ya umeme ya mwezi baada ya upanuzi, na ndoo moja itauzwa kwa kiasi gani. Karatasi hiyo isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ibandikwe mlangoni pa ofisi ya kijiji, kisha bodi ikae.