"Upasuaji Umefanikiwa" Kwa Kipimo Gani?

Wadau, kuna sentensi moja kwenye kurasa zetu za michezo imenichosha: "Upasuaji wa goti umefanikiwa, atakuwa nje miezi sita." Inaandikwa kesho yake tu! Mchezaji bado ana usingizi wa dawa, goti limevimba kama tikiti, sisi tumeshashangilia. Umefanikiwa kwa kipimo gani?

Tuelewane. Ligamenti ya mbele ya goti ndiyo inayozuia mfupa wa ugoko usichomoke mbele unapokata kona. Ikikatika, mara nyingi daktari huchukua kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mguu na kukipachika pale. Kazi hiyo inafanyika hapa hapa Bongo, MOI pale Muhimbili, na sina ugomvi na mafundi wake. Lakini kinachojulikana siku ile ni kwamba kushona kumekwisha. Goti lenyewe hujibu baada ya mwaka, miwili, mitano.

Na hiyo "miezi sita" ni hatari. Utafiti wa Norway na Marekani uliotoka mwaka 2016, wenye wagonjwa 106, ulionyesha kwamba kila mwezi waliochelewa kurudi uwanjani, hadi kufikia miezi 9, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Kijana wa ndondo kule Mbagala au Tandale anasoma gazeti, anahesabu sita, anavaa viatu. Goti linakwenda tena. Nani anarudi kumwandika?

Wenzetu wanahesabu. Norway walifungua daftari la taifa la upasuaji huu mwaka 2004, Sweden na Denmark wakafuata 2005. Kipimo chao kimoja kinaitwa KOOS, cha mwaka 1998: maswali 42 kuhusu maumivu, dalili, shughuli za kila siku, michezo na maisha kwa ujumla, alama 0 hadi 100. Anayejibu ni mgonjwa, si daktari!

Faida yake? Mwaka 2010 Waswidi walitoa matokeo ya vijana 121. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine lilianza na mazoezi, kisu baadaye ikibidi. Baada ya miaka miwili alama za makundi hayo hazikutofautiana, na zaidi ya nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamepasuliwa kabisa. Kwa dereva wa bodaboda wa Temeke asiye na hela ya upasuaji, hiyo ni habari kubwa kuliko usajili wa Simba na Yanga. Bila kupima, nani angeijua?

Ila tusinakili kama kasuku. KOOS inauliza habari za kuvaa soksi na kuingia kwenye bafu la kulala. Kuchuchumaa wamekuweka fungu la michezo! Jamani, Tandika kuchuchumaa si mchezo, ni choo. Tuulize kudandia daladala, kukaa mkekani, kusujudu, kubeba ndoo ya maji.

Najua jibu litakalokuja: "hatuna bajeti." Bajeti ya nini? Karatasi, simu na mtu wa kupiga: miezi sita, mwaka, miaka miwili. Na wapigiwe wote, si wanaorudi kliniki tu. Aliyepona hana sababu ya kupanga foleni, na aliyekata tamaa kashahamia kwa mchuaji. Ukiwahesabu waliobaki kwenye benchi peke yao, umejidanganya.

Kwa hiyo madai yangu ni mawili. Hospitali inayopasua magoti itoe hadharani kila mwaka: wangapi walipasuliwa, wangapi walipatikana kuulizwa, wangapi walirudi kazini na uwanjani, wangapi waliumia tena. Na wahariri wa michezo wafute neno "umefanikiwa" mpaka mwenye goti aseme mwenyewe.

Mgonjwa kalipa, kaumia, kangoja. Kumuuliza "goti linaendeleaje?" ni deni tunalodaiwa.

Nawakilisha.