Tuchukue Nini Tukienda Kalambo?



Likizo inapokaribia, vijana wa parokia huanza kuulizana habari za safari. Wapo wanaotamani kuyaona maporomoko ya Kalambo, na tamaa hiyo ni njema, kwa maana kuzitazama kazi za Muumba ni shule pia. Lakini mara nyingi maongezi huishia kwenye mavazi: suruali gani, viatu gani, picha zipigwe wapi. Leo twataka kusema juu ya mzigo wa safari hiyo, kwani ziwani mzigo si jambo la mwenyewe peke yake.

Kwanza tujue tuendako. Mto Kalambo ni mpaka kati ya Tanzania na Zambia, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Hapo maji huanguka mara moja, bila kukatizwa, kwa zaidi ya meta 200. Kimo hicho ni karibu mara mbili ya kile cha maporomoko mashuhuri ya Mto Zambezi, Mosi-oa-Tunya, ambayo Waingereza waliyaita Victoria. Kisha mto huingia ziwani. Na ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio Mto Lukuga, uanziao Kalemie na kupita upande wetu wa Niemba hata kuingia Lualaba. Basi maji ya Kalambo si mageni kwetu.

Njia ni ndefu. Toka Niemba twafuata reli iliyofika Kalemie mwaka 1915, wakati mji huo ulipoitwa Albertville. Toka Kalemie twapanda chombo cha majini, tukifuata pwani ya Mpala na Moba hata kufika Mpulungu, bandari ya Zambia. Kutoka hapo wengine hukodi mashua hadi mdomo wa Kalambo, kisha hupanda mlima kwa miguu. Wengine huenda kwa motokaa kupitia mji wa Mbala. Kwa kuwa treni na vyombo havitegemewi saa, hesabu siku zako, kisha ongeza akiba ya chakula cha siku mbili: unga wa muhogo, dagaa wakavu, karanga na chumvi.

Sasa tufungue mfuko. Karatasi zitangulie: pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kwa mtoto asiyefuatana na wazazi, barua yao ya ruhusa. Zifunge katika mfuko wa plastiki usiopenya maji. Kabla ya kulipa nauli, ulizeni ofisi ya uhamiaji ni hati gani zinazotakiwa mpakani, tena ulizeni hali ya usalama wa njia. Wekeni pia fedha kidogo za kwacha, kwani kwenye maporomoko kuna ada ya kuingia.

Pili, vitu vya afya. Kipindupindu kimeisumbua Kalemie kwa miaka mingi, na maji ya ziwa, hata yakiwa maangavu kama kioo, si ya kunywa hivi hivi. Chukueni maji yaliyochemshwa au dawa ya kutakasa maji, sabuni, na pakiti chache za chumvi ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha. Chandarua kisiachwe nyumbani. Dawa za malaria zichukuliwe kwa shauri la muuguzi, wala si kwa shauri la jirani.

Tatu, mavazi. Nyanda za Mbala ziko juu, na miezi ya Juni na Julai usiku wake ni wa baridi. Sweta moja itafaa kuliko mashati matatu ya kujionyesha. Viatu viwe vya kushika ardhi, kwa maana mwamba uliolowa huteleza, na aangukaye ukingoni mwa Kalambo hana pa kushikilia. Watoto washikwe mikono, wala asipatikane kijana wa kurudi kinyumenyume ili apigwe picha. Tochi na kofia vitoshe kumaliza sehemu hii.

Nne, wanafunzi wasisahau daftari na kalamu. Mahali pale si pa maji tu. Mwaka 1953 mtaalamu J. Desmond Clark alianza kuchimbua mabaki ya watu wa kale karibu na maporomoko. Mwaka 2023 wataalamu wengine walitangaza habari ya magogo mawili yaliyoonekana hapo, yamechongwa na kuunganishwa kwa mkono, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Maana yake, kabla binadamu wa namna yetu hawajatokea, walikuwako waliojua kuchonga mti na kuupatanisha na mti. Mwanafunzi aandike hayo kwa mkono wake, naye atakuwa amerudi na kitu kisichooza.

Rozari na kitabu cha sala havina uzito. Chombo kikitua Moba, iliyoitwa zamani Baudouinville, tumkumbuke Padre Stefano Kaoze, aliyepewa upadre huko mwaka 1917, mzalendo wa kwanza wa Kongo kufikia daraja hiyo.

Tumebakiza kitu kimoja, nacho ndicho tulichokusudia tangu mwanzo: jaketi la kuokolea. Kila msafiri awe na lake, na la mtoto lienee kifua cha mtoto. Tena livaliwe tangu kuondoka bandarini, lisifanywe mto wa kulalia. Ziwa letu lina kina cha meta 1,470 mahali palipo na kina kirefu kupita pote, na katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki huliinua kwa ghafula. Mwezi wa Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa hili, upande wetu wa Kongo, na watu zaidi ya 100 wakafa. Ilikuwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi.

Hapo ndipo mfuko wa mtu mmoja huwa jambo la wote. Gunia moja la ziada halizamishi meli, na kila mwenye gunia husema hivyo hivyo. Lakini magunia hayo hukutana ndani ya chombo kimoja. Amri ya tano haimkatazi mtu kuua kwa panga tu. Yatudai pia tusiuweke uhai wa mwenzetu hatarini kwa ajili ya faida au starehe. Kwa hiyo shauri letu ni hili: kila mmoja achukue mfuko mmoja, ule awezao kuuinua mwenyewe bila msaada. Kisichoingia humo kibaki Niemba.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma jinsi Mtakatifu Paulo alivyowaonya wenye merikebu wasiondoke katika majira mabaya. Hawakumsikiliza. Dhoruba ilipowapata, wakatupa shehena baharini, na mwishowe hata ngano yao, ili chombo kiwe chepesi. Watu wote 276 walipona, lakini mali na merikebu vilipotea.

Basi wazazi, kabla watoto hawajapanda, tazameni chombo kimekaaje majini. Mwulizeni nahodha amepakia watu wangapi, na majaketi yako wapi. Ukiona maji yamekaribia ukingo, au watu wamekaa juu ya mizigo hata pa kuweka mguu hapaonekani, usipande. Nawe uliyekwisha panda, shuka ungali bandarini. Twajua nauli ni jasho la mihogo ya miezi mingi, na ya kwamba watu watacheka. Waache wacheke. Nauli hutafutwa ikapatikana tena, na Kalambo itaendelea kuanguka mwakani.

Mungu awalinde wasafiri wote.