Sare za michezo za mabinti: ukiritimba wa mshonaji mmoja uvunjwe

Sare ya michezo isiyomruhusu binti kuinua mikono, kuchuchumaa wala kuruka haikustahili kushonwa, na mzazi wake hakustahili kulipishwa. Tunaanza na hukumu hiyo kwa sababu jambo lenyewe limezungukwa mno. Kuanzia Mbagala, Charambe na Buza upande wa Temeke hadi Bunju, Mabwepande na Tandale upande wa Kinondoni, wasichana wanaingia kwenye viwanja vya netiboli, kwenye halaiki za sherehe za kitaifa na kwenye vikundi vya ushangiliaji vya siku za michezo wakiwa ndani ya nguo zilizokatwa kwa mwili wa mtu mwingine na kuuzwa kwa bei isiyohojiwa na mtu. Wenye dhamana ya kulirekebisha hili ni wakurugenzi wa manispaa hizo mbili, maofisa elimu wao na kamati za shule. Hawajalirekebisha.

Tuanze na mshono. Sare nyingi zinazoagizwa kwa jumla hukatwa kwa kipimo cha mvulana, kisha hupangwa makundi matatu: ndogo, ya kati na kubwa. Msichana wa miaka 13 hana umbo hilo. Nyonga zake zimeanza kupanuka kuliko kiuno, kifua kimeanza kuota, na ndani ya mwaka mmoja anaweza kurefuka ghafla. Bukta inayomtosha nyongani inampwaya kiunoni. Inayomkaa kiunoni inambana mapajani. Tisheti inayolingana na mabega yake inamkaba kifuani. Anaambiwa achukue kubwa zaidi, na ndivyo anavyofika uwanjani amefunga tisheti fundo ubavuni, bukta kaikunja mara mbili kiunoni.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mchezo wenyewe. Kanuni za netiboli zinamtaka anayezuia mpira asimame umbali maalumu kutoka kwa mwenye mpira, kwa hiyo silaha yake ni kuruka na kunyoosha mikono yote miwili juu. Binti mwenye sketi inayopanda anazuia kwa mkono mmoja, na mwingine uko chini unavuta pindo. Kwenye halaiki hali ni mbaya zaidi. Humo mtoto hupandishwa mabegani mwa wenzake kujenga mnara, hupiga msamba, huinama na kupinduka mbele ya uwanja uliojaa watu. Uwanja wa Uhuru, ulioko Temeke, ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na kwa miaka mingi watoto wa shule wameitwa pale kuipamba kumbukumbu hiyo. Mtoto anayeitwa kulitumikia taifa kwa mwili wake hapaswi kutumia nusu ya akili yake kuhofia zipu itafumuka.

Tatizo halitokani na uhaba wa maarifa. Fundi yeyote mzuri wa Tandika au Mwananyamala anajua dawa yake. Kitambaa cha jezi kinavutika. Tetroni haivutiki, hainyonyi jasho, na katika joto la Dar es Salaam inagandana na mgongo kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Kipande kidogo cha ziada kinachoshonwa katikati ya mapaja kinazuia bukta isichanike mtoto anapopiga hatua ndefu. Kiuno cha lastiki chenye kamba ndani kinamfaa mwembamba na mnene. Sketi ya marinda, ikishonwa pamoja na skintaiti ya rangi ileile badala ya kumwachia mzazi akatafute ya kwake, inamaliza ugomvi wote wa heshima. Pindo la sentimita tano lililoachwa makusudi linaifanya nguo moja idumu misimu miwili. Na kitambaa kiwe chepesi kukauka, kwani mashindano ya ngazi ya shule, kata na wilaya kuelekea UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya kitaifa ya shule za msingi na za sekondari, huangukia msimu wa masika, wakati nguo iliyofuliwa jioni bado ina maji asubuhi, na watoto wengi wana pea moja tu.

Rangi nayo isichukuliwe kuwa urembo. Kuwavisha wasichana walio kwenye umri wa kuvunja ungo bukta nyeupe au za kaki ni kuwafukuza uwanjani kimyakimya kila mwezi. Timu ya taifa ya soka ya wanawake ya England iliacha bukta nyeupe ikavaa za buluu mwaka 2023, baada ya wachezaji kueleza wasiwasi wao wa hedhi. Wale ni watu wazima, wana daktari wa timu na chumba cha kubadilishia nguo. Binti wa Charambe hana hata kimoja. Buluu iliyokoza, maruni na nyeusi zinapatikana Kariakoo kama nyeupe inavyopatikana, na shule inayoshikilia nyeupe kwa sababu ndiyo rangi yake ya tangu zamani inapaswa kuona aibu.

Kuhusu hijabu, mjadala ulishafungwa na mashirikisho ya kimataifa. FIFA iliruhusu vitambaa vya kichwa rasmi mwaka 2014, na FIBA ikafuata kwa mpira wa kikapu mwaka 2017. Katika mji wa pwani kama huu, wenye familia nyingi za Kiislamu, hijabu ya michezo, suruali nyepesi na mikono mirefu lazima ziwe sehemu ya sare tangu mwanzo, kwa kitambaa kilekile na bei ileile. Zisiwe hisani ya mwalimu mwenye moyo mzuri.

Nani amekuwa akiamua haya yote? Katika shule nyingi ni mtu mzima mmoja au wawili na mwenye duka. Mvaaji haulizwi. Julai 2021, kwenye mashindano ya Ulaya ya mpira wa mikono wa ufukweni yaliyofanyika Varna, Bulgaria, wanawake wa Norway walitozwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa bukta badala ya chupi ya kuogelea waliyotakiwa kuvaa. Dunia ilipiga kelele, na kabla mwaka huo kwisha shirikisho la kimataifa likawa limebadili kanuni. Wale walikuwa na sauti. Msichana wa darasa la sita hapingani na mwalimu wake. Akiona nguo inamdhalilisha, anasema anaumwa tumbo na kubaki nyumbani. Utoro wa namna hiyo hauingii kwenye taarifa ya ofisa michezo yeyote.

Sasa bei, na hapa tutasema wazi zaidi. Elimu bila malipo ilianza kutekelezwa Januari 2016, na Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo ukaacha mabegani mwa mzazi sare za shule na sare za michezo. Ruzuku ya serikali ni Sh10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari, na sehemu ya fedha hiyo hukatwa kwa ajili ya vitabu kabla haijafika shuleni. Shule haina pa kutoa bukta. Hilo tunalikubali. Tusilolikubali ni kinachofuata: kwa kuwa mzazi ndiye mlipaji, baadhi ya shule zimemchagulia pia mahali pa kulipa. Nembo inachapwa kifuani, mshonaji anakuwa mmoja, fedha zinapokelewa ofisini, na mama muuza mihogo wa Yombo hawezi kuuliza kwa nini anadaiwa zaidi ya ambavyo fundi wa mtaani kwake angemtoza kwa kitambaa kilekile. Akiuliza, anajibiwa kuwa bila nembo mwanawe hatacheza.

Marekani, ambako ushangiliaji ni mchezo wa shule wenye ligi na mashindano yake, imeonyesha njia hii inaishia wapi. Kampuni ya Varsity Brands ilikua ikashika mashindano makubwa na biashara ya sare kwa pamoja. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa michoro ya mistari na pembe iliyoko kwenye sare za washangiliaji inaweza kulindwa kwa hakimiliki. Zikafuata kesi za kumiliki soko. Kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 43.5 kumaliza shauri moja mwaka 2023, na dola milioni 82.5 kumaliza jingine mwaka uliofuata, ambamo wadai walikuwa familia zilizolipa gharama hizo. Uingereza nayo ilipitisha sheria mwaka 2021 inayozilazimu shule za England kuzingatia mwongozo wa gharama za sare, na moja ya maagizo yake ni kupunguza nguo zenye nembo hadi kiwango cha chini kabisa. Nchi zenye kipato cha juu kuliko chetu zimeona nembo na muuzaji mmoja vinawanyonya wazazi. Sisi tunaviita utaratibu wa shule.

Wapo watakaosema serikali iondoe kodi kwenye vitambaa vya sare. Tunawashauri wakumbuke taulo za kike. Kodi ya Ongezeko la Thamani iliondolewa kwenye taulo hizo katika bajeti ya mwaka 2018, na mwaka mmoja baadaye ikarudishwa, serikali ikieleza kuwa bei kwa mtumiaji haikushuka. Msamaha wa kodi ukipita kwa mfanyabiashara asiye na mshindani huishia mfukoni mwake. Kinachoshusha bei ya bukta ni mzazi kuwa na mafundi kumi wa kuchagua.

Kwa hiyo tunataka halmashauri za Temeke na Kinondoni zifanye jambo moja kubwa, nalo haligharimu mabilioni. Kila moja itengeneze mchoro mmoja wa sare za michezo za wasichana na kuuweka hadharani: vipimo kwa umri na kwa umbo, aina ya kitambaa, toleo la bukta, la sketi yenye skintaiti na la suruali yenye hijabu. Chuo cha VETA Chang'ombe kiko Temeke humo humo. Walimu wake wa ushonaji waombwe kuukata mchoro huo, na wasichana wa shule chache za pembezoni waijaribu nguo kwa kucheza, wala si kwa kusimama mbele ya kioo. Ukishakubalika, ubandikwe kwenye ofisi ya kila kata, na fundi yeyote mwenye cherehani awe huru kuushona. Nembo ibaki beji ndogo inayouzwa shuleni kwa gharama ya kuitengeneza na kushonewa juu ya nguo iliyonunuliwa popote. Bei elekezi ya kitambaa na ufundi ibandikwe pamoja na mchoro, ili mzazi ajue anapoibiwa.

Fedha za kuwainua mafundi hao zipo kisheria. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi vya akina mama wenye cherehani vikikopeshwa kwa ajili ya mashine za ovaloki, ambazo bila hizo kitambaa cha jezi hakishoneki vizuri, fedha ya mzazi wa Mbagala itabaki Mbagala. Hatuoni sababu ya kikundi kukopeshwa na halmashauri huku shule za halmashauri hiyohiyo zikimpa kazi mfanyabiashara mmoja wa mjini.

Tunajua pingamizi litakalokuja: rangi zitatofautiana, ubora utashuka, timu itaonekana haina nidhamu. Rangi zitatofautiana kidogo, ni kweli. Lakini timu yenye vivuli viwili vya buluu ambayo wachezaji wake wote wanaweza kuruka ni bora kuliko timu ya rangi moja iliyowaacha nje watoto saba wasio na fedha. Na kwa wanaodai kuwa ushangiliaji na halaiki ni upuuzi unaowavua mabinti maadili, jibu letu ni kwamba nguo fupi na mbovu wamevishwa na watu wazima. Rekebisheni nguo, muwaache watoto wacheze. Nchi hii iliwashangilia Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Wachezaji wa namna hiyo huanzia kwenye viwanja vya vumbi vya shule, na huko ndiko sare mbaya inakowakatisha tamaa kabla hakuna aliyeyaona majina yao.

Baraza la Michezo la Taifa na CHANETA, chama cha netiboli nchini, wana neno lao la kusema juu ya viwango, na waliseme. Wizara ya elimu ina waraka wa kuufafanua. Lakini hakuna linalozizuia Temeke na Kinondoni kuanza bila kusubiri Dodoma. Wakurugenzi wote wawili watoe mchoro wa wazi na tangazo la kupiga marufuku mshonaji wa lazima kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mzazi atakayepewa orodha ya mahitaji inayomtaja mshonaji mmoja asilipe. Apeleke nakala ya orodha hiyo kwa ofisa elimu wa manispaa, na adai risiti ya kuipokea.