Neno la Kiingereza na Sahiba Zake

Katika madaftari ya wanafunzi wetu wa sekondari imekita ada ya kuugawa ukurasa kwa mstari wa wima, neno la Kiingereza upande huu na maana yake ya Kiswahili upande wa pili, kisha orodha nzima huhifadhiwa kwa bidii inayostahili sifa lakini isiyopata ijara yake. Kwani aliyeyahifadhi maneno hayo aghalabu hushindwa kutunga sentensi moja ambayo Mwingereza angeikiri kuwa ni kauli ya kwao.

Upungufu huu si wa akili, bali ni wa mafunzo. Sisi husema chai kali, kisu kikali, mbwa mkali na jua kali, wala hatuoni taabu. Mwingereza kwa chai hutaka “strong”, kwa kisu “sharp”, kwa mbwa “fierce”, na kwa jua “hot”. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “sharp” ni kali, akaandika “sharp tea”, hakukosa sarufi wala tahajia, na kamusi yake ndogo inamshuhudia. Hata hivyo atatiwa kalamu nyekundu, na mara nyingi hataambiwa sababu. Vivyo hivyo kitenzi chetu cha kufanya: kosa hutaka “make”, kazi ya nyumbani hutaka “do”, na mtihani hutaka “take”. Hayo ni mazoea ya wenye lugha, na mazoea hayakisiwi, hupokewa.

Wataalamu walilitambua jambo hili zamani. Harold Palmer, Mwingereza aliyefanya kazi Tokyo, alitoa mwaka 1933 taarifa juu ya mafungu ya maneno yanayoandamana katika Kiingereza. Na mwenzake, A. S. Hornby, akatunga pamoja na wenziwe kamusi iliyotoka huko huko Japani mwaka 1942, ambayo Oxford waliichapa upya mwaka 1948, na matoleo yake ya baadaye tunayo mashuleni hata leo. Ni elimu iliyozaliwa kwa haja ya wageni, maana mwenyeji hahitaji kuambiwa ni kitenzi gani huandamana na kosa.

Rai yangu, basi, ni kwamba neno lisitolewe pweke. Badala ya “decision” na maana yake, daftari liandikwe “make a decision” na “reach a decision”, na chini yake sentensi iliyotoka katika kitabu ambacho mtoto amekwisha kukisoma. Na ikiwa kwa hesabu hiyo maneno ya juma yatapungua hata kufikia kumi, na yapungue. Wala mzigo huu si wa mwalimu wa Kiingereza peke yake, maana hapa Tanzania mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukabidhiwa masomo karibu yote kwa Kiingereza mara aingiapo kidato cha kwanza. Mwalimu wa baiolojia anapoandika ubaoni neno la jaribio, aliandike na kitenzi chake, “carry out an experiment”, kwani mtoto atatakiwa kulieleza jaribio hilo kwa Kiingereza katika karatasi ya mtihani, na mwalimu wa Kiingereza hakuwapo maabara siku lilipofanywa.