Mguu wa jirani si picha ya bure

Msomaji, ikiwa kikundi chako huko Msambweni au Diani kinataka kuchapisha kijitabu kuhusu kichocho au matende, usikate tamaa kwa kukosa pesa za picha. CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, lina maktaba ya picha kwenye intaneti. Picha nyingi za mbu, konokono na minyoo hazilipiwi. Soma masharti ya kila picha, kisha taja ilikotoka.

Lakini mguu wa jirani uliovimba si mali ya umma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za afya ya mtu. Mwombe idhini kwanza. Akikataa, picha ya mbu yatosha: ujumbe utafika, naye hataaibika sokoni.